Maumivu ya Paja Baada ya Kubadilishwa Nyonga: Namna ya Kuyaelewa na Kuyakabili

Kubadilishwa nyonga ni upasuaji ambao kiungo kilichoharibika huondolewa na mahali pake huwekwa kiungo bandia cha chuma na plastiki ngumu. Wengi waliofanyiwa upasuaji huo hupata nafuu kubwa. Maumivu ya kinena yaliyowanyima usingizi hutoweka, nao hurudi shambani, sokoni na mwaloni. Hata hivyo, baadhi yao hubakiwa na maumivu mengine ambayo hawakuwa nayo hapo awali, yakaayo katikati ya paja, upande wa mbele au wa nje. Mgonjwa hushangaa: kilichopasuliwa ni nyonga, mbona liumalo ni paja?

Mtu mwenye maumivu hayo anaweza kukosea kwa njia mbili. Wa kwanza huogopa mno. Huamini kwamba chuma kimemkataa, huacha kutembea, misuli yake hunyauka, na maumivu yakazidi kwa sababu hiyo hiyo. Wa pili hupuuza. Humeza vidonge na kuvumilia miaka miwili, kumbe shina la chuma limelegea au vijidudu vinakula mfupa. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi ya kutofautisha maumivu ya kungojewa na maumivu ya kukimbiliwa hospitali.

NYONGA ZA KANDA YA ZIWA

Katika nchi za Ulaya, wengi wabadilishwao nyonga ni wazee ambao gegedu la kiungo limelika kwa miaka mingi. Kandokando ya Ziwa Viktoria hali ni tofauti kidogo. Wapo wazee waliovunjika shingo ya fupa la paja kwa kuanguka, na wapo majeruhi wa ajali za barabarani. Lakini pamoja nao wapo vijana wa miaka ishirini au thelathini ambao nyonga zao zimeharibiwa na ugonjwa wa selimundu.

Katika ugonjwa huo chembe nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Kichwa cha fupa la paja hulishwa na mishipa michache tu, hivyo mishipa hiyo ikiziba, mfupa hukosa damu, hufa, na mwishowe hubonyea kama yai lililopasuka. Mtaalamu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana urithi huo umeenea mno katika nchi zenye mbu wengi, zikiwamo za mwambao wa ziwa hili. Uchunguzi wa damu za watoto wadogo wapatao 17,000 wa kaskazini-magharibi ya Tanzania, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020, ulikuta kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watano ana urithi wa mzazi mmoja, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe.

Wagonjwa wa nyonga wa kanda hii hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima mjini Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1996. Mzee wa miaka 75 huhitaji kiungo kitakachomtosha kwa miaka iliyobaki. Kijana wa miaka 25 ana miaka 40 au 50 mbele yake. Kiungo cha kwanza kikiharibika mapema, upasuaji wa pili huwa mrefu, mgumu na wa gharama kubwa zaidi, na mfupa wa kushikia chuma huwa umepungua. Kwa hiyo, kwa kijana huyo, kuyasoma maumivu ya paja kwa usahihi ni jambo la kuhifadhi mguu wake.

KWA NINI PAJA LIUME

Kiungo bandia kina sehemu tatu: kikombe kinachokaa katika fupa la nyonga, tufe linalozunguka ndani ya kikombe, na shina refu la chuma linaloshindiliwa katika mvungu wa fupa la paja. Shina hilo aghalabu hufika karibu na katikati ya paja. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuelewa: ndani ya paja kuna chuma.

Daktari John Charnley wa Uingereza, ambaye mwaka 1962 alifanikisha kiungo kilichokuwa mfano wa vingine vingi, aligandisha shina kwa saruji maalumu ya mifupa. Katika miaka ya 1970 na 1980 yalienea pia mashina yasiyotumia saruji. Uso wake una vinyweleo vidogo, na mfupa wenyewe huota na kuingia humo. Mfano wake ni nguzo iliyosimikwa shimoni. Nguzo ikitikiswa kabla udongo haujashikana, haitakaza kamwe. Wataalamu wamepima kwamba shina likichezacheza zaidi ya sehemu 15 za mia za milimita moja, mfupa hauoti ndani yake. Badala yake huota utando laini, na shina hubaki limelegea.

Sababu ya pili ni tofauti ya ugumu. Mfupa hupinda kidogo sana mtu akikanyaga, bila yeye kuhisi. Madini ya titani yaliyochanganywa na mengine ni magumu kupinda kiasi cha mara sita kuliko mfupa, na mchanganyiko wa kobalti na kromi ni zaidi ya mara kumi. Mvuvi anaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi. Upondo uliofungiwa kipande cha nondo tangu kichwani hadi katikati haupindi sawasawa. Nguvu yote hukusanyika pale nondo inapoishia. Kadhalika katika paja nguvu hukusanyika penye ncha ya shina, na hapo mfupa huuma mpaka utakapojijenga na kunenepa upya. Kwa wenye selimundu mvungu wa mfupa mara nyingi umekuwa mwembamba na mgumu hapa na pale, kwa hiyo kulikalisha shina barabara ni kazi ngumu zaidi.

KUYATAMBUA MAUMIVU KWA MAHALI NA WAKATI WAKE

Mahali pa maumivu hutoa fununu. Maumivu ya kinena huelekeza kwenye kikombe. Ya katikati ya paja huelekeza kwenye shina. Ya matako yanayoshuka hadi chini ya goti mara nyingi hutoka katika uti wa mgongo. Lakini kinachofichua zaidi ni wakati.

1. Maumivu ya jeraha na misuli. Hutokea wiki za kwanza, hupungua wiki hadi wiki, na kwa kawaida huwa madogo baada ya miezi mitatu.

2. Maumivu ya shina linaloendelea kushikana na mfupa. Huja baada ya mwendo mrefu au kubeba mzigo, hukaa mbele ya paja, na hutulia mtu akipumzika. Alama yake kuu ni kupungua kadiri miezi inavyopita. Yanaweza kuendelea mwaka mmoja hata miwili. Haya ndiyo maumivu ya kungojewa kwa subira, chini ya uangalizi.

3. Maumivu ya shina lililolegea. Huuma zaidi katika hatua chache za kwanza baada ya kuinuka kitini, kisha hupoa kidogo. Mtu aliyekaa miaka bila maumivu, halafu paja likaanza kuuma, ashuku jambo hili.

4. Maumivu ya uambukizo. Hayaheshimu mapumziko, huuma usiku na mchana. Pengine mgonjwa hajapata hata siku moja ya nafuu tangu apasuliwe, au kovu linatoa majimaji. Homa inaweza kuwapo au isiwepo. Mwenye selimundu yumo katika hatari zaidi, kwa kuwa mwili wake hupigana na vijidudu kwa shida.

5. Maumivu ya mfupa uliopasuka. Huja ghafla, mara nyingi baada ya kuanguka, na mguu hauwezi kukanyagiwa.

6. Maumivu ya mshipa wa fahamu. Ngozi ya nje ya paja huwaka kama imepakwa pilipili au hufa ganzi. Yanaudhi, lakini mara nyingi hupungua yenyewe.

7. Maumivu ya selimundu yenyewe. Hushika mifupa mingi kwa mara moja, na mara nyingi hutanguliwa na baridi, kiu, uchovu au homa.

Zaidi ya hayo iko hatari moja ya wiki za kwanza ambayo haitaki kungojewa hata saa chache: mguu kuvimba na kuuma sehemu ya shavu, au pumzi kubana ghafla. Hizo zinaweza kuwa dalili za damu iliyoganda mishipani, na donge lake huweza kusafiri hadi mapafuni na kuua.

HESABU YA FIMBO

Watu wengi huona haya kushika fimbo, hasa vijana. Wengine huishika upande wa mguu unaouma. Hesabu ndogo huonyesha makosa yote mawili.

Mtu mwenye uzito wa kilo 60 akisimama kwa mguu mmoja, nyonga ya mguu huo hubeba sehemu yote iliyobaki ya mwili, yaani kiasi cha kilo 50. Uzito huo huvuta chini umbali wa sentimita 10 hivi kutoka kiungoni. Msuli wa pembeni ya nyonga, unaouzuia mwili usianguke upande wa pili, uko sentimita 5 tu kutoka kiungoni. Kwa kanuni ya wenzo, 50 mara 10 ni 500; 500 kugawanywa kwa 5 ni 100. Msuli hauna budi kuvuta kwa nguvu ya kilo 100. Kiungo hubanwa na vyote viwili, uzito na msuli: jumla kilo 150, yaani mara mbili na nusu ya uzito wa mtu mzima.

Sasa mtu huyo ashike fimbo kwa mkono wa upande wa pili, umbali wa sentimita 40 kutoka kiungoni, na aikandamize kwa nguvu ya kilo 5 tu. Fimbo humsaidia kwa 5 mara 40, yaani 200. Zimebaki 300 za msuli kubeba. 300 kugawanywa kwa 5 ni 60. Kiungo sasa hubeba 60 na 45, jumla kilo 105. Kwa kukandamiza kilo 5 mkononi, nyonga imepunguziwa kilo 45. Fimbo ikishikwa upande wa mguu unaouma, wenzo huo haupatikani, na mtu hulazimika kuyumba na kuinamisha mwili.

Fimbo iwe na urefu wa kufika kwenye kifundo cha mkono, mkono ukining'inia, na ncha yake ivishwe mpira ili isiteleze juu ya mwamba. Hesabu hiyo hiyo huonyesha faida ya kupunguza unene: kila kilo moja inayopungua mwilini ni kama kilo mbili na nusu zinazoondoka nyongani kila hatua.

MAISHA YA KILA SIKU

Mwanza ni mji wa miamba. Wakazi wa Mabatini, Igogo na Isamilo hupanda na kushuka mawe kila siku. Kanuni ya kukumbuka ni hii: wakati wa kupanda, mguu mzima hutangulia; wakati wa kushuka, fimbo na mguu uliopasuliwa hutangulia. Hivyo kazi ya kuinua mwili hubaki kwa mguu wenye nguvu.

Kigoda kifupi hukunja nyonga kupita kiasi. Kiti kiwe na kimo kinachozidi goti. Kwa choo cha kuchuchumaa, seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu na kukiweka juu yake. Mama anayeanika dagaa mchangani huinama mamia ya mara kwa siku. Akitumia chanja ya kimo cha kiuno, dagaa huwa safi zaidi na paja lake hupumzika. Mvuvi asirudie kusukuma mtumbwi wala kuvuta nyavu mpaka daktari aone katika picha kwamba shina limeshikana na mfupa. Safarini, katika daladala au basi, mguu unyooshwe kila mara, na mtu asimame kidogo kila saa inapowezekana.

Misuli ya pembeni ya nyonga hujengwa kwa mazoezi madogo ya kila siku yanayofundishwa na mtaalamu wa viungo: kukaza paja kwa kuhesabu hadi tano, kulala chali, magoti yamekunjwa, na kuinua makalio polepole, na, daktari akiruhusu, kulala ubavu na kuinua mguu wa juu. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, yatosha kuanzia. Katika nchi nyingine wagonjwa hufanya mazoezi ndani ya mabwawa ya maji safi. Ziwa Viktoria halifai kwa kazi hiyo, kwani maji ya ufukweni yana vimelea vya kichocho.

Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni chakula bora cha kujenga mfupa. Mwenye selimundu aongeze maji ya kunywa yaliyo safi, ajikinge na upepo wa ziwani wakati wa usiku, na asiache dawa alizopewa kliniki.

DAWA ZA DUKANI NA KUCHUA

Parasetamo kwa kipimo cha daktari ndiyo dawa ya kwanza. Sindano na vidonge vya daiklofenaki, ambavyo watu wengi hununua dukani bila cheti, huweza kudhuru tumbo na figo, na figo za mwenye selimundu tayari zina udhaifu. Hatari kubwa zaidi ni kumeza viuavijasumu kwa kubahatisha. Ikiwa kiungo kimeambukizwa, dozi hizo hazitaviua vijidudu vilivyoshika chuma; zitavificha tu, hata daktari atakapovuta majimaji ya kiungo asivione.

Kuchanjwa chale penye kovu, kukandwa kwa maji ya moto sana au kuchuliwa kwa nguvu huweza kufungua mlango wa vijidudu. Kitambaa cha uvuguvugu juu ya misuli, mbali na kovu jipya, hakina madhara.

DAFTARI NA PICHA YA KWANZA

Daktari mbele ya mgonjwa mwenye paja linalouma hutaka kujua jambo moja kuliko mengine: je, shina limehama? Picha moja ya eksirei haiwezi kujibu swali hilo vizuri. Jawabu hupatikana kwa kulinganisha picha ya leo na ile iliyopigwa mara tu baada ya upasuaji. Shina lililozama milimita chache katika wiki za mwanzo, kisha likatulia, huenda likawa salama. Linaloendelea kuzama limelegea. Hapana budi basi picha ya kwanza ihifadhiwe mahali pakavu pamoja na karatasi inayotaja aina na kipimo cha kiungo, hata kama hospitali nayo ina nakala. Atakayehamia Bukoba au Musoma atakuwa amebeba ushahidi wake.

Pamoja na picha, liwepo daftari. Kila wiki iandikwe mistari minne: maumivu yako wapi, yalianza mtu akifanya nini, yalitulia baada ya muda gani, na je, yalimwamsha usiku. Baada ya miezi sita daftari hilo litaonyesha mkondo wa maumivu, kama yanashuka, yamesimama au yanapanda. Yanayoshuka hungojewa. Yaliyosimama hupelekwa siku ya kliniki. Yanayopanda, au ya usiku, au ya ghafla, hupelekwa hospitali mara moja. Dalili ya mvua ni mawingu.

Kwa watokao Sengerema na Geita, daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa ile ada ya kungoja kivuko. Mgonjwa wa Ukerewe bado huvuka kwa maji, kwa hiyo ni vyema apange mapema na jamaa zake jinsi atakavyosafirishwa siku ya dharura.

Yafaa ieleweke pia kwamba wako wachache ambao vipimo vyote huonyesha kiungo kizima, na bado paja huuma. Kuwapasua tena bila sababu iliyopatikana mara nyingi hakuleti nafuu. Tiba yao ni fimbo, misuli yenye nguvu, kazi iliyopunguzwa uzito na uangalizi wa kila mwaka. Maumivu ya watu hao ni ya kweli, na jamaa zao wasiwadhanie uvivu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini maumivu hujitokeza katikati ya paja ilhali kilichobadilishwa ni nyonga?

2. Mtu ana kilo 72. Akisimama kwa mguu mmoja, nyonga hubeba kilo 60 za mwili. Kwa vipimo vilivyotolewa juu, nyonga yake hubanwa kwa nguvu ya kilo ngapi bila fimbo? Na je, akikandamiza fimbo kwa kilo 5 kwa mkono wa upande wa pili?

3. Taja tofauti kati ya maumivu ya shina linaloshikana na maumivu ya shina lililolegea.

4. Kwa nini viuavijasumu visimezwe kabla ya daktari kuchunguza majimaji ya kiungo?

5. Katika kijiji au mtaa wa msomaji, ni kazi zipi zinazoweza kubadilishwa ili mtu aliyebadilishwa nyonga aendelee kujitegemea?